Kioo cha Nne

Kabla sijaanza, ujue kwamba sikuwa nimelala, sikuwa na homa, na bangi naijua kwa kuisikia redioni tu. Ilikuwa mchana wa mvua, Kilole, Korogwe mjini, ndani ya studio yangu mwenyewe, na fundi wangu alikuwa amekaa karibu nami kiasi cha kunikanyaga mguu. Wanaonijua watakwambia mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wenzangu wakisikia bundi na kufunga madirisha. Siku hizi sicheki. Wewe ukitaka kunicheka, nicheke, nimeshazoea, ila nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Nianze na neno moja, maana kisa chote kimo humo. Sisi kioo ni kioo. Cha kujitazamia ni kioo, cha dirishani ni kioo, cha televisheni ni kioo, na kompyuta zilipoingia hatukuhangaika kutafuta jina jingine, ile monita nayo tukaiita kioo. Sasa mimi ni Mzigua wa Handeni. Nyumbani kwetu msiba ukiingia, kabla hata maiti haijaoshwa, bibi alikuwa anachukua khanga na kufunika kioo cha ukutani, na kile kidogo cha mjomba cha kunyolea ndevu anakigeuza kitazame ukuta. Vinakaa hivyo mpaka arubaini ipite. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Asije akajiona, akashindwa kwenda." Nikaona ni mambo ya wazee, nikaenda zangu kucheza.

Miaka ninayoizungumzia biashara ilikuwa imefunguliwa na kila mwenye wazo alikuwa anafungua duka. Chumba nilichopanga mimi, zamani kilikuwa duka la ushirika. Nakumbuka nikiwa mtoto tukija mjini, rafu zilivyokuwa tupu na muuzaji anasinzia. Mimi nikatundika pazia jekundu, nikaweka kompyuta iliyotumika, iliyopitia Dubai, nikawa napiga video za harusi na kuzihariri. Mwanamke, kamera begani, mjini Korogwe! Waliongea mpaka wakachoka.

Shida yangu ilikuwa kioo. Nilikuwa na kimoja, na kuhariri harusi kwa kioo kimoja ni kama kupika ugali, mchicha na chai kwenye jiko moja: kila saa unaepua hiki ubandike kile. Nikaamua niwe na vitatu. Kimoja cha kuangalia vipande vya mkanda, kimoja cha kuvipanga, na cha tatu kiwatazame wateja kwenye benchi, waone harusi yao inavyotoka, waache kunipumulia shingoni. Vioo vyenyewe nilivipata, vile vizito vya mgongo mrefu. Nikavishonea vitambaa vya kuvifunika, maana vumbi la Korogwe halina adabu. Kilichobaki ni kadi za grafiki, yaani kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kipeleke picha kwenye kioo. Fundi wangu, Mhina, kijana wa Lutindi aliyekaa Dar mpaka akarudi na maneno ya huko, nikamtuma Kariakoo.

Wakati huo nilikuwa na harusi moja iliyonikosesha raha. Na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo penye uchungu wenyewe.

Bibi harusi alikuwa Mwanaidi, binti wa Mzee Semkiwa wa upande wa Sindeni, kule Handeni. Aliyemuoa ni Ismaili, mfugaji wa uwandani, Mmaasai aliyesilimu, kijana mpole asiye na makuu. Mzee Semkiwa, ambaye mimi sikuwahi kumuona kwa macho, alikataa. Alisema hana ugomvi na kijana, ila mtu anayehama na ng'ombe, binti akiugua baba atamfuata wapi? Ndoa ikabidi ifungiwe Mashewa, kwa shangazi yake Mwanaidi, na baba mdogo akasimama kama walii. Siku Mwanaidi anaondoka nyumbani alipiga magoti mbele ya baba yake akasema, "Shikamoo baba." Mzee aliendelea kunoa jembe. Hakuitika.

Wewe unajua hilo ni jambo gani. Mtu akikutukana mtagombana, mtapatana. Lakini mzazi akikunyima marahaba, utakwenda kuiombea wapi?

Mimi nilikuwepo Mashewa na kamera yangu. Waliweka viti vya wazee ukumbini, na kimoja wakakiacha kitupu, cha baba. Wakati wa kutoka, Mwanaidi aliwaamkia wazee mmoja mmoja, alipofika kwenye kile kiti akapiga magoti vilevile, akakiamkia. Kiti kitupu! Vigelegele vikakatika. Nilikuwa nimefumba jicho moja na lingine liko kwenye kamera, na lile la kwenye kamera ndilo lililolowa.

Picha ikiwa bado kwangu, Mzee Semkiwa akapigwa na kiharusi. Mwanaidi akakimbilia Handeni. Alimkuta amelala, mdomo umevutwa upande, ulimi umegoma. Akamwamkia. Midomo ya mzee ikacheza, sauti haikutoka. Kabla ya alfajiri akafariki.

Baada ya mazishi Mwanaidi hakurudi kwa mumewe. Akaenda kukaa Mashewa kwa shangazi. Siku moja akapita studio, amejifunika khanga mpaka puani, akakaa kwenye benchi.

"Dada, hiyo picha usiimalize," akaniambia. "Sijui alikuwa ananiitikia au ananikatalia. Na mimi siwezi kuishi kwenye ndoa nisiyoijua kama baba kaikubali. Nimeona bora nikae."

"Na Ismaili?"

"Ismaili hana kosa," akasema, akaanza kulia. Nami nikalia naye.

Kisha akaja Ismaili mwenyewe. Hakukaa. Alisimama mlangoni ameegemea fimbo yake.

"Dada, imalize," akasema. "Mimi nangoja arubaini, kwa heshima ya mzee. Baada ya hapo majani kwetu uwandani yatakuwa yamekwisha, lazima nihamishe ng'ombe. Akija, nitashukuru. Asipokuja, sitamlazimisha, nitamuacha aende kwa amani. Lakini wewe imalize, labda akituona vile tulivyokuwa siku ile moyo utalainika."

Basi mmoja hataki, mwingine anataka, na arubaini inasogea. Ndivyo mambo yalivyokuwa Mhina alipofika kutoka Dar, amelowa chapachapa, na mfuko wa plastiki kifuani kama amebeba mtoto.

Kadi alizozileta alikopeshwa na muuza vifaa, tuchague tunazozitaka na nyingine zirudi. Alizifunga moja moja kwenye gazeti. Tukazitandaza mezani. Mhina moja kwa moja akashika kubwa kuliko zote, yenye feni.

"Sista, hii ndiyo bomba. Hii gemu lolote inasukuma."

"Tunahariri harusi au tunacheza gemu?" nikamuuliza. "Igeuze. Ina matundu mangapi ya kuchomekea vioo?"

Akaigeuza. Lilikuwepo moja tu. Na kadi kama ile inakula umeme, wakati kompyuta yetu hata bila hiyo ilikuwa inapumua kwa shida. Nikaiweka pembeni. Bodi ya ndani ya kompyuta yetu ilikuwa na sloti, yaani nafasi ya kuchomekea kadi, moja ya AGP, ile inayopitisha picha kwa haraka, na nyingine zote zilikuwa PCI za kawaida. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi: kwenye AGP tuweke kadi yenye matundu mawili, kwenye PCI tuweke yenye tundu moja, vioo vitatu vimepata. Cha muhimu zote mbili ziwe za ukoo mmoja, za mtengenezaji mmoja. Ukichanganya koo, kompyuta inawaka na kioo kimoja tu, vingine vinabaki vyeusi, na utahangaika na programu zake mpaka uchanganyikiwe. Nilikuwa nimeshazipata zote mbili, nimezishika, moja mkono huu na moja mkono huu, wakati mtu alipoingia.

Hakupiga hodi. Hilo ndilo la kwanza. Alikuwa mzee mrefu, kanzu na koti kuukuu la kijivu, kofia ya kufuma kwa mkono. Shavu moja limevimba upande, nikadhani ana tumbaku. Nje mvua ilikuwa inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti, lakini koti lake lilikuwa kavu, na viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu, kavu, lile la barabara ya Handeni wakati wa kiangazi. Niliyaona yote hayo. Niamini, niliyaona. Ila mtu ukiwa na mteja mbele yako hufikirii hivyo, unafikiri labda kateremka kwenye gari.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Akanitazama kwa upole. "Hiyo iweke kwanza, mwanangu," akasema. Maneno yake yalitoka taratibu, mazito. "Kuna aliyekutangulia."

Mhina naye akamwamkia, naye hakuitikiwa. Tukatazamana. Nikasema moyoni, mzee wa watu, labda masikio.

Akawa anavitazama vioo vyangu, vile viwili nilivyokuwa bado sijavifungua, vimefunikwa vitambaa.

"Na hapa pia mmefunika?"

"Vumbi, mzee. Tusipofunika vinaharibika."

"Kwangu wamevifunika vyote," akasema. "Nimezunguka nyumba nzima sioni hata kimoja. Nina mtu nataka nimuone."

Sasa wewe unayesikiliza unaelewa. Mimi je? Mimi nilikuwa na kadi mikononi, kichwani mwangu kioo ni monita! Nikadhani huyu ni mzee mwenye kompyuta yake nyumbani, labda wanawe wamemletea, wameifunika vitambaa hawataki aiguse. Nikacheka. Namuomba Mungu anisamehe kile kicheko.

"Basi ukileta cha kwako tutakiangalia, mzee."

Akasogea mezani. Hakugusa kitu, alionyesha kwa kidole tu. Kadi ile ya matundu mawili niliyoishika akaikubali kwa kichwa. Ile ya tundu moja akaikataa. Akaelekeza kidole kwenye nyingine, ambayo mimi nilikuwa nimeiacha, ya PCI, ya ukoo uleule, yenye matundu mawili.

"Chukua hizi. Mbili na mbili."

"Mzee, mimi nina vioo vitatu. Tundu la nne la nini?"

"Cha nne ni changu."

Alivyosema! Hakusema kama mtu anayeomba wala anayeamuru, alisema kama mtu aliyechoka kutembea. Nikamuonea huruma. Na kusema kweli ile kadi haikuwa mbaya, ilikuwa tu na tundu la ziada. Nikamwambia, "Haya mzee, la nne nitakuachia, ukija na kioo chako tutachomeka." Akainamisha kichwa kama anayeshukuru, akageuka, akatoka kwenye mvua. Mhina akamfuata mlangoni ampe mwavuli. Akarudi nao mkononi.

"Sista, mzee kapita wapi?"

"Wewe ndiye uliyekuwa mlangoni, unaniuliza mimi?"

Tukazifunga kadi, tukachomeka vioo vitatu, tukawasha. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kukuelezea. Ukishakuwa na vioo vingi mshale wa mausi unavuka: unaufikisha ukingoni mwa hiki, unatokea kwenye kile, na picha yoyote unaikokota kutoka huku kwenda huku. Mhina alikuwa anapiga makofi. Kisha tukafungua sehemu ya kupanga vioo, pale ambapo kompyuta inakuonyesha vioo vyako kwa namba.

Vilikuwa vinne.

Moja, mbili, tatu, hivyo vilikuwa mezani. Cha nne kilikuwa kimechorwa upande wa mlangoni, na kompyuta inasema kimewaka. Mhina akaenda nyuma akachungulia. Tundu la nne halikuwa na waya.

"Hizi kadi za kutumika zina vituko," akasema. "Inadhani kuna kitu kimechomekwa. Nikizime?"

Na ni kweli jambo hilo linatokea, muulize fundi yeyote. Nikamwambia akiache, mzee ataleta kioo chake. Hivyo ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu.

Jioni, Mhina ameenda kubadilisha nguo, nikafungua harusi ya Mwanaidi. Nilitaka tu nijaribu vioo vipya kwa kitu ninachokifahamu. Nikachukua kile kipande cha ukumbini, cha viti vya wazee, nikakikokota kutoka kioo cha kwanza kwenda cha tatu. Mkono ukazidi. Kikapita cha tatu, kikatokea upande wa mlango, kikapotea. Kimeenda kwenye cha nne ambacho hakipo. Sikushtuka, kuna njia ya kukiita kwa kibodi: unabonyeza mshale wa kushoto, unashikilia, kinarudi pole pole. Nikashikilia. Msikitini wakaanza adhana ya magharibi. Picha ikaingia ukingoni mwa kioo, kidogo kidogo, ukuta wa ukumbi, pazia, kiti cha kwanza, cha pili.

Kile kiti kilichoachwa kitupu kilikuwa na mtu.

Alikuwa yeye. Koti la kijivu, kofia ya kufuma, shavu limevimba upande. Amekaa na mikono magotini, kama anayengoja kuitwa. Mimi ndiye niliyepiga ile picha! Nilisimama mbele ya kile kiti, nikakilenga, nikalia. Hakukuwa na mtu. Na sasa watu wote waliomzunguka walikuwa wanacheka na kutikisika kama kawaida ya video, yeye peke yake ametulia, macho yamenielekea.

Nilichofanya kwanza ni kuvuta kitambaa nikifunike kile kioo. Mkono ukaishia hewani. Nilimsikia bibi yangu masikioni, nikaelewa vyote kwa mara moja. Kwa Mzee Semkiwa walikuwa wamefunika vioo ili asije akashindwa kwenda, na kwa sababu hiyohiyo alishindwa kwenda. Alikuwa na mtu wa kumuona. Akatafuta kioo ambacho hakuna khanga ya kukifunika, kwa sababu hakipo mezani, hakipo ukutani, kipo kwenye hesabu ya mashine tu. Na mimi ndiye niliyemchomekea.

Je, nilikimbia? Nilikimbia, nisikudanganye. Nilitoka bila viatu. Mhina alinikuta nimesimama barabarani kwenye tope, akaingia peke yake, akatoka mbio na viatu vyangu mkononi.

Asubuhi nikapanda gari la Mashewa. Mwanaidi alikataa kuja. Shangazi yake alinitazama usoni, akamwambia, "Nenda na dada yako, kuna kitu anacho."

Tulipofika studio nilimuweka mbele ya kioo cha tatu, kile cha wateja. Mhina alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi. Kipande kilikuwa bado pale, Mhina alikuwa amekirudisha mwanzo na kukisimamisha. Nikakiruhusu kiende.

Mwanaidi alijiona akija na shela lake, akiamkia wazee, huyu, na huyu. Kisha akakiona kiti. Sikumsikia akipiga kelele. Aliteremka tu kutoka kwenye benchi, akapiga magoti kwenye sakafu yangu ya saruji, sawasawa na yule wa kwenye picha. Wakawa wawili wamepiga magoti, mmoja kioo kimemshika, mmoja mwenye machozi.

"Shikamoo baba," akasema.

Mzee kwenye kioo akageuza kichwa. Hakumtazama bibi harusi aliyekuwa mbele yake kwenye picha. Alitazama huku, chini, alipokuwa Mwanaidi. Midomo ikaanza kucheza, ile midomo iliyovutwa upande. Ikajaribu, ikashindwa. Ikajaribu tena. Nilikuwa nimemshika Mhina mkono, alama za kucha zangu alikaa nazo siku kadhaa. Nikawa nasema moyoni, jikaze mzee, jikaze, kidogo tu.

Na mdomo ukanyooka.

"Marahaba, mwanangu."

Spika zilikuwa hazijawashwa. Mhina alizikagua baadaye, waya ulikuwa chini. Lakini tulisikia sote watatu, sauti ya kizee, ya pole, yenye kukwaruza kidogo.

"Marahaba," akarudia. "Nilikuitikia siku ile. Ulimi ulinikatalia. Nenda kwako."

Kisha vigelegele vikaingia, watu wakacheka, picha ikaendelea, na kiti kilikuwa kitupu. Tulirudisha nyuma. Kitupu. Nimekirudisha mara nyingi mno tangu siku hiyo, ni kiti cha mbao na kitambaa cheupe, basi.

Mwanaidi alikaa sakafuni muda mrefu. Alikuwa analia, lakini si kile kilio cha siku ile alipokuja na khanga puani. Alipoinuka aliosha uso kwenye ndoo yetu, akaniuliza gari za Handeni zinaondoka saa ngapi. Ismaili alikuwa bado hajahamisha ng'ombe. Arubaini ya mzee walikuwa pamoja, yeye na mumewe, wakigawa chakula kwa wageni, na yeye mwenyewe ndiye aliyeondoa khanga kwenye kioo cha ukutani nyumbani kwa baba yake. Mtoto wao wa kwanza wa kiume wamemwita Semkiwa. Ukipita uwanda ule ukasikia mama anaita Semkiwa katikati ya ng'ombe, ndiye.

Mimi nimezeeka na ile kazi. Kompyuta ile ilikufa, zikaja nyingine, vioo vikawa vyembamba, kadi za siku hizi zina nguvu ambazo Mhina wa enzi zile angeziona angelia kwa furaha. Wanaoanza studio wanakuja kuniuliza wanunue kadi gani, nami nawaambia vilevile: usitazame ukubwa wa feni, hesabu matundu, chukua za ukoo mmoja. Kisha nawaambia na jingine, nao wanaona bibi huyu ameanza. Ukishawasha, hesabu vioo vyako. Kompyuta ikikuhesabia kimoja zaidi ya ulivyonavyo, usikimbilie kukizima. Kwanza uulize kama siku hizo kuna nyumba iliyofunika vioo.

Zile kadi mbili ninazo kabatini, nimezifunga kwenye khanga. Siziuzi, na watu wamezitaka. Maana nilimwamkia yule mzee, unakumbuka? Nilisema shikamoo, akaniambia niiweke kwanza, kuna aliyenitangulia. Aliyenitangulia ameshaitikiwa. Yangu bado. Hakusema haitaitikiwa, na mtu yule nilimuona, akisema neno anatimiza. Kuna jioni nikiwa peke yangu, adhana ikianza, najikuta natazama upande wa mlango, na sijui kama ninachosikia moyoni ni hofu au ni kungoja tu.

Kwa hiyo wewe, mwanao akikuamkia, au wa jirani, au mlevi wa njiani, au yule uliyekorofishana naye asubuhi, muitikie. Weka jembe chini umuitikie. Yule mzee alilijua neno lake na alilitaka, na bado ilibidi atoke kaburini kwake Handeni aje Kilole kuchagua kadi ili alitamke. Itikia sasa hivi, ulimi ukiwa bado unakusikia.